Kabla Hujamchagulia Kapteni Mota

Mwanangu Damari,

Salamu sikuletei. Tuko nyumba moja, ukuta kati yetu ni wa mbao, na ukipiga chafya nakuombea heri bila kuinuka kwenye kiti. Naandika kwa sababu tukizungumza baba yako atajiunga, na baba yako akishajiunga mazungumzo yote huishia kwenye bei ya kabichi. Tena jambo lenyewe nimeshalijaribu kwa mdomo tulipokuwa tunachambua maharage, nikajikuta nakuuliza kama umeweka soksi.

Basi soksi sizitaji tena. Wala sweta, wala kusali, wala kula vizuri, wala vijana wa Tanga. Hayo yote nimekuimbia tangu unaota meno, na kama hayajaingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nataka tuzungumze habari za mota.

Najua umeanza kucheka. Mimi bahari nimeiona siku moja tu, pale Tanga, nikiwa nchi kavu, na bado nilishika nguzo. Hiyo boti ya matanga ya Kapteni nimeionea kwenye simu yako, na sijaelewa hadi leo kamba zote zile ni za kazi gani. Kwetu Mgwashi kamba nyingi kiasi kile maana yake ni mbuzi wa kijiji kizima. Lakini mota naijua. Unga wa mashine yetu ndio uliokusomesha, na mota ni mota, iwe inazungusha kinu cha mahindi au inazungusha propela chini ya maji ya chumvi.

Ngoja nikurudishie ulichonieleza, ujue kwamba siku zile nilikuwa nasikiliza hata kama macho yalikuwa kwenye maharage.

Kapteni amestaafu. Maisha yake yote amekuwa bandarini kwenye zile boti fupi zenye kifua, zinazovuta meli kubwa. Sasa ana boti yake mwenyewe ya matanga, anataka kuzunguka nayo Pemba na Unguja, na siku moja Komoro. Lile tanga la kitambaa ndilo linalofanya kazi kubwa, lakini wakati wa kutoka bandarini na kuingia, au upepo ukikata, lazima kuwe na mashine. Injini yake ya dizeli imezeeka, inavuta moshi kuliko mzee yeyote wa Bumbuli, naye ameamua kuweka mota ya umeme. Alikuona pale shuleni Tanga ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, unafunga pampu ya sola, akapenda nyaya zako zilivyonyooka. Akakuita: njoo unichagulie mota, tuifunge pamoja, halafu safari ya kwanza ya Pemba twende wote, mimi, mke wangu, mjukuu wangu na wewe. Jumatatu mtakaa mezani umwambie aagize ipi.

Shida ni kwamba Kapteni ameshapenda. Ameiona picha ya mota moja kubwa, na tangu hapo hasikii wala haoni. Akinunua hiyo, fedha inayobaki inatosha kisanduku kidogo cha betri. Wewe umepiga hesabu, ukarudia, ukapiga tena, na jibu ni lile lile: akiikamua mota ile kama anavyotaka yeye, betri zitakata roho kabla hamjafika mbali, na upepo ukikata mkiwa kwenye mkondo wa Pemba, maji yatawachukua kuelekea kaskazini huku mnatazamana. Wewe unataka mota ya wastani, inayozungusha shafti ile ile iliyokuwa ikizungushwa na dizeli, na fedha iliyobaki iingie kwenye betri, pamoja na jenereta ndogo ya kuokolea siku mbaya. Ukanieleza kwamba boti ya namna ile ina mwendo wake. Ukiilazimisha zaidi, unachimba tu shimo kwenye maji na umeme unaisha. Ukienda taratibu, umeme ule ule unakufikisha mbali sana. Hilo nililielewa upesi, maana ndivyo alivyo baba yako akiwa na mzigo wa kabichi mlimani. Ukimharakisha anafika saa ile ile, ila amenuna.

Kwa hiyo unajua jibu. Mimi sina cha kukufundisha kwenye hesabu. Halafu juzi simu yako ikalia, ukaiweka spika.

"Shikamoo Kapteni."

"Marahaba binti. Ile kubwa umeiona vizuri?"

"Nimeiona, Kapteni."

"Ni mota hiyo, eh? Si mchezo!"

Nilikuwa nasonga ugali. Nikausimamisha mwiko nisikie utakavyomjibu. Ukakohoa, mwanangu. Ukakohoa tena. Halafu ukasema, "Ni nzuri, Kapteni."

Ugali ule uliungua kidogo, na baba yako akalaumu kuni. Lakini kikohozi kile nakijua. Hakitokani na kifua. Ni changu, na inaonekana umekirithi pamoja na vidole vya miguu. Ndiyo maana nakuandikia.

Habari za mota ya Babu unazijua kama kila mtu wa Mgwashi anavyozijua, yaani ile sehemu ya kuchekesha. Sehemu ya dukani hukuwahi kusimuliwa, kwa sababu dukani palikuwa na mimi tu na Babu, na sote wawili tulikuwa na sababu ya kunyamaza.

Umeme ulipofika kwetu, wewe ulikuwa bado unanyonya. Watu wa umeme waliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, wakatueleza polepole: laini hii ni ya fezi moja. Itawasha taa, redio, pasi, na mashine ndogo. Anayetaka mashine kubwa asubiri fezi tatu, zitakuja. Nilikuwepo, wewe mgongoni. Babu yako hakwenda. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha mbao cha Shume, alikopasua misonobari miaka na miaka, na makelele ya mota za kule yalimla sikio la kushoto, naye akalibeba lile sikio kama nishani. "Umeme?" akasema. "Nimeujua umeme kabla hao vijana hawajazaliwa." Akabaki nyumbani anapogoa migomba.

Tulipoamua kununua mashine ya kusaga, tukashuka Korogwe watatu: Babu, baba yako na mimi. Wewe ulibaki kwa bibi. Baba yako akaachwa nje kulinda mizigo. Ndani ya duka tukaingia Babu mbele, mimi nyuma, mahali pa mkwe.

Wewe umekua mashine ikiwa inanguruma na Babu akiwa mpole, hukuona ilivyokuwa. Mkwe wa kike hakumpinga baba mkwe, tena mbele za watu, tena mjini. Mimi hata jina lake nilikuwa silitamki. Aliitwa Daudi, unakumbuka. Basi kwenye jumuiya nikipangiwa kusoma habari za Mfalme Daudi, nilisoma "yule mfalme aliyempiga Goliathi," kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho. Mwinjilisti akazoea. Siku moja sura ilikuwa na jina lile kila mstari, nikamwachia mama mwingine asome nikasema macho yananiuma.

Muuza duka akauliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, huko kwenu mna fezi ngapi?"

Babu akamtazama kama ameulizwa kama kwao kuna maji.

"Zote," akasema.

Damari, nilikuwa najua. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake na jibu liko mdomoni kama kipande cha muwa. Fezi moja, Baba. Maneno mawili tu na heshima yake. Nikakohoa. Muuza duka akaendelea kusifu mota kubwa iliyokuwa mbele yetu. Nikakohoa zaidi. Babu akapiga lile dude kwa kiganja, likatoa sauti nzito, akatabasamu. Nikakohoa mpaka muuza duka akaniletea maji kwenye kikombe. Babu akamwambia, "Huyu mkwe wangu ana kifua. Ni baridi ya kwetu." Nikanywa yale maji, nikasema asante, na mota ya fezi tatu, kubwa kuliko zote dukani, ikapakiwa.

Kilichofuata ndicho unachokijua. Ilikuwa masika, lori likagoma chini kwenye tope, na kijiji kikaitwa msaragambo, ile kazi ya pamoja, kuipandisha mota mlimani. Wagosi, wanaume wa kwetu, wakaifunga kwenye miti ya mkaratusi, wakaibeba mabegani kwa nyimbo, wakibadilishana kila kona, na Babu akitembea mbele bila kubeba chochote, kama bwana harusi. Mchungaji akaja akaiombea. Mimi nikapika, maana waliobeba lazima wale, na kila sufuria niliyoipakua niliitazama nikasema moyoni, sasa nitasema. Nani anasema mambo ya namna ile watu wakiwa na minofu mdomoni?

Siku ya kufungua, akina mama walipanga ndoo za mahindi toka mlangoni hadi kwenye njia ya kanisani. Babu akavuta swichi mwenyewe. Mota ikanguruma, ikatetemeka, isizunguke. Babu akasema inajipasha moto. Ikazidi kunguruma. Baba yako, ambaye hapendi watu waaibike, akashika mkanda akauvuta kwa nguvu zake zote, na ile mota, mwanangu, ikazunguka! Kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa, lakini ikazunguka. Wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, nikajiambia labda mimi ndiye niliyeelewa vibaya mkutanoni, labda Mungu amesikia maombi ya Mchungaji. Ndoo ya kwanza haikufika nusu. Ukaja moshi mwembamba, halafu harufu ile ambayo hakuna fundi asiyeijua, na taa za nyumba zote za jirani zikafifia zikawa nyekundu.

Babu akazima swichi. Akawageukia watu.

"Inapumzika," akasema.

Ikapumzika hadi masika yakaisha, vuli ikaja ikapita. Kuku wetu walilala juu yake, na mmoja alitagia pale pale kwenye kifuniko cha nyaya. Akina mama waliendelea kubeba mahindi kichwani kwenda kusaga Bumbuli, na njia inapita mlangoni kwetu. Walitusalimia kwa heshima kubwa kuliko iliyohitajika, na hiyo ndiyo iliyokuwa inauma.

Mimi nilinyamaza. Baba yako alinyamaza. Mchungaji alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mota imeungua, na kijiji kizima kilikuwa kinamwuliza Babu kama imeshapumzika. Ukatuponya wewe. Ulikuwa umeanza kuongea sawasawa, tuna wageni, tunakula, ukamwendea Babu na ugali mkononi.

"Babu, mota imechoka na nini?"

"Imefanya kazi," Babu akasema.

"Kazi gani? Wanaofanya kazi ni kuku."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba yako alikodolea macho mchuzi. Na Babu, wewe ukiwa umesimama hapo unamsubiri, akaanza kutikisika. Nikadhani amekasirika. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia, kwa sababu mjukuu ni mtani wake, na mtani ana ruhusa ambayo mkwe hana na mtoto wa kuzaa hana. Wiki ile ile akapanda gari kwenda Shume, akawapata wenzake wa zamani, mota ikasukwa nyaya upya, wakaichukua wao wenye fezi za kuilisha. Sisi tukaletewa hii ndogo ya fezi moja inayotulisha mpaka leo.

Ilipofungwa na unga wa kwanza ukatoka, Babu aliniita pembeni.

"Mkwe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Baba."

"Mbona hukusema?"

"Nilikohoa, Baba."

"Mimi nilidhani ni kifua," akasema. Halafu akasema, na maneno haya nimeyabeba peke yangu mpaka leo: "Siku nyingine sema. Nitakasirika, halafu nitapoa. Mota ikiungua haipoi."

Unaona sasa kwa nini nilisimamisha mwiko.

Sitaki udhani mota ndogo ilituletea hekima palepale. Makosa mengine tuliyafanya tukiwa na mota sahihi. Tuliipachika ikabana ukutani ili kuokoa nafasi ya magunia, na bearing ilipotaka grisi baba yako aliingia kule nyuma kichwa kichwa, akakwama, tukamvuta kwa miguu mimi na mteja. Mteja yule mpaka leo hudai asagiwe kwanza. Kwa hiyo kwenye boti, kabla hujafunga kitu, jiulize nani atakifikia. Wewe ni mwembamba, utapenya popote. Kapteni kwenye picha nimemwona, yule hapenyi. Na siku ya kukwama baharini huenda wewe ndiye unayetapika pembeni na yeye ndiye mwenye spana.

Lingine ni lile la shati la baba yako, lile la mikono miwili isiyolingana. Umeme ulikatika kinu kikiwa kimekabwa na gunzi. Kukawa kimya. Baba yako akaona kimya maana yake mashine imezimwa, akaingiza mkono kutoa gunzi. Umeme ukarudi. Mungu alichukua mkono wa shati akamwachia mkono wa baba yako, na shati bado analivaa, anasema ni ukumbusho. Mota ya umeme ikiwa tayari kuzunguka haikupi habari, Damari. Dizeli hutoa moshi na makelele, hata mlevi anaikwepa. Hiyo yenu itakaa kimya chini ya boti, na mjukuu wa Kapteni atataka kuogelea karibu na propela kwa sababu hasikii kitu. Weka swichi ya kukatia umeme wote, yenye ufunguo, na mtu akiingia majini ufunguo ukae mfukoni kwako. Hata Kapteni akisema hakuna haja.

Halafu kuna ile habari anayoipenda, kwamba boti ikienda kwa tanga maji yatazungusha propela na kujaza betri bure. Umesema ni kweli, ila ni kidogo, na boti inalipia kwa mwendo. Mwambie mapema, kabla hajawatangazia wenzake wa bandarini. Mwanaume akishatangaza jambo kwa wenzake, kulirudisha ni kazi ya ukoo mzima. Sisi tulikuwa na moja lililopumzika mwaka karibu mzima.

Nakuona unavyosoma, umekunja uso, unasema: Mama, Kapteni si Babu. Ni Babu huyo! Mmoja alipasua misonobari, mwingine alivuta meli. Wote wawili walikaa miaka juu ya mashine kubwa ambayo haikuwahi kukosa cha kula, wakaamini nguvu iko kwenye mota. Hawakuwa na sababu ya kuuliza inalishwa na nini. Kapteni si mjinga, kama Babu hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga asingekutafuta wewe. Mtu aliyeshaamua kabisa hapandishi simu milimani kuita fundi.

Na wewe si mkwe wake. Hilo ndilo nilitaka kukwambia tukichambua maharage, nikakuuliza soksi. Mimi dukani nilikuwa mkwe, mdomo wangu ulikuwa umefungwa na desturi, na hata hivyo Babu mwenyewe aliniambia ningeufungua. Kwako wewe, yule ni rika la babu yako. Kaa kwake kama mjukuu. Mwamkie vizuri, mbebee mkoba, mpe mkewe parachichi nilizokufungia, mtanie kidogo. Mwulize mota ile kubwa itakula nini saa ya mchana, kabichi? Akicheka, mwoneshe hesabu. Asipocheka, mwoneshe hesabu vilevile.

Sasa niseme linaloniweka kwenye kiti hiki, maana baba yako ameshasinzia kwenye kochi na chai yangu imepoa.

Naogopa. Nilikuwa nimekusudia niandike kwa ucheshi mpaka mwisho lakini naogopa, Damari. Bahari siijui, na nisichokijua nakiogopa kwa kawaida tu, kama kila mtu wa milimani. Hicho nitakizoea. Ninachokiogopa hasa ni kwamba uko katikati ya maji, upepo umekata, betri zimekwisha, na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua tangu Jumatatu, mezani, ukakohoa. Sisi mota yetu ilipoungua tulipoteza usingizi na heshima kidogo, na kuku wakapata kitanda. Huko kwenu kuna mjukuu wa watu ndani ya boti, na kuna wewe. Nilikufundisha shikamoo ili watu wakupende, sikukufundisha ili uzame nayo. Kama katika malezi yangu kuna mahali nilikufanya udhani kwamba adabu ni kumwachia mkubwa akosee, basi pale nilikosea mimi, na nakuomba ulisahau somo hilo ukiwa bado ndani ya basi.

Akikataa baada ya kumwambia, akang'ang'ania ile kubwa na kisanduku chake, usipande boti. Mfungie mota yake kama anavyotaka, umalize kazi kwa amani, umuage, urudi. Kitanda chako hatutakigeuza ghala la viazi, hata kama baba yako ameshakipima kwa macho. Nimemwona.

Nakusikia huko chumbani. Ulidhani sisikii. Unajizoeza mbele ya kioo.

"Shikamoo Kapteni. Samahani Kapteni, nilikuwa tu nafikiria, yaani, labda, kama utaona inafaa..."

Damari! Mtu wa kwenye kioo ameshalala. Huo si ushauri wa fundi, hilo ni ombi la ruhusa ya kwenda hospitali. Umeomba radhi mara nyingi kuliko ulivyotaja betri. Nilitaka kugonga ukuta, nikajizuia, kwa sababu nikigonga utaona haya na utaacha, na huko Tanga sitakuwepo kugonga.

Umeanza tena. "Kapteni, ile kubwa ni nzuri, ila..." Umekwama kwenye ila. Umekaa kitandani, nimesikia chaga zikilia. Mimi nimeacha kuandika, nimeshika kalamu tu, na sijui kwa nini nimesimama.

Umeinuka.

"Hapana, Kapteni. Hiyo kubwa itatuacha katikati ya maji. Hesabu ni hizi hapa. Tuchukue hii."

Umesema kwa sauti ya kutosha mtu kusikia upande wa pili wa boti. Umesema tena, na mara ya pili hukuharakisha. Baba yako ameshtuka kwenye kochi, kofia imemwangukia machoni, akaniuliza, "Huyo Damari anagombana na nani saa hizi?"

Nimemwambia hagombani na mtu. Ameanza kazi.

Mama yako